Mahari ya Macho Matatu: Unalipia Nini Hasa Kwenye Simu ya Bei Mbaya?



Dada zangu wa visiwani na popote mnaponisoma, nawaandikia kutoka Moshi, chini ya mlima, ambako nina duka la kushona nguo za harusi. Msishangae fundi cherehani kuongelea simu. Bi harusi anapoingia dukani kwangu, simu iko mkononi, ananionyesha mshono alioupata mtandaoni, na wakati nampima kiuno na mabega ndipo habari za mahari zinapotoka. Zamani nilikuwa nasikia dhahabu, kitanda, kabati, msahafu na kanga. Siku hizi nasikia "macho matatu", yaani iPhone ile yenye kamera tatu nyuma, tena ful boksi, siyo used. Simu mpya ya daraja hilo kwa sasa inavuka shilingi milioni tatu.

Wengi tunasema kampuni hizo zinatuibia, kwa sababu tumesikia kwamba kuitengeneza simu yenyewe ni pesa kidogo tu. Wengine tunasema bei ni kubwa kwa sababu kitu ni kizuri, basi. Mimi nasema kauli zote mbili hazijakamilika. Katika bei ile mna malipo ya haki kabisa, mna gharama za njiani, na mna malipo ya jina. Bi harusi akijua kuyatenganisha hatalia baadaye. Na mwanamke mwenye biashara akijua kuyatenganisha, ataacha kujiuza kwa bei ya uzi.

Vipande vyake ni shilingi ngapi?

Tuanze na hesabu inayojulikana. Mwishoni mwa mwaka 2017 Apple walitoa iPhone X. Bei yake Marekani ilikuwa dola 999 kwa ile yenye GB 64. Kampuni moja ya utafiti, IHS Markit, iliinunua, ikaifungua na kukadiria bei ya kila kipande: kioo, betri, kamera, chipu, fremu ya chuma. Jumla ikafika dola 370 na senti 25. Kipande ghali kuliko vyote kilikuwa kioo, kama dola 110, na kioo hicho kilitoka kwa Samsung, mshindani wao mkubwa.

Kwa pesa yetu ya wakati ule, ni simu ya zaidi ya shilingi milioni mbili iliyotengenezwa kwa vipande vya laki nane na kitu. Mtu akisikia hivyo anashika kichwa. Anasema zile laki nyingine zote zimeliwa.

Subiri kidogo. Hiyo ni hesabu ya vipande tu. Hamna mshahara wa aliyeibuni, hamna programu inayoifanya iwake, hamna nauli, hamna tangazo, hamna gharama ya kuitengeneza bure ikiharibika ndani ya muda wa dhamana. Ni sawa na mtu achukue gauni la harusi, alifumue, ahesabu lesi, bitana, zipu na shanga, halafu aseme hii ndiyo bei ya gauni.

Hesabu ya gauni

Hapa naomba niongee kama fundi. Tuseme mteja ananiletea lesi yake mwenyewe, anataka gauni la nikaha lenye mkono mrefu, lisilobana, pamoja na shela. Namwambia ushonaji ni shilingi 180,000. Ananitazama, anauliza: "Dada, kitambaa ni changu. Laki na themanini ya nini?"

Ni hivi. Bitana, zipu, uzi, shanga na umeme wa cherehani na pasi vinachukua kama 60,000. Binti anayenisaidia nampa 40,000 kwa siku anazokaa kwenye gauni hilo kutunga shanga na kupiga pindo. Sehemu ya kodi ya fremu ni 20,000. Hapo tumefika 120,000. Inabaki 60,000, theluthi ya bei, na humo ndimo ulimo mshahara wangu mimi. Ndimo umo ule ujuzi wa kujua kwamba lesi hii ikikatwa kwa upande itavutika, kwamba bi harusi huyu bega moja liko chini kuliko lingine, na kwamba gauni lazima limruhusu kurukuu na kusujudu bila kupanda juu. Ujuzi huo haumo kwenye kitambaa alicholeta. Niliulipia ada ya kozi, nikaulipia na miaka.

Sasa tuirudie simu. Katika mwaka wake wa hesabu ulioishia Septemba 2024, Apple waliuza bidhaa na huduma za dola bilioni 391. Katika pesa hizo, zaidi ya bilioni 31 ziliingia kwenye utafiti na ubunifu, yaani kama dola 8 katika kila 100. Ukitazama vifaa peke yake, kila dola 100 za mauzo, kama 63 ndizo zilizotumika kuvipata na kuvifikisha sokoni. Zile 37 ndizo zinazolipa wahandisi, matangazo, ofisi na kodi, na nyingine kubaki faida. Kampuni nzima, ukijumlisha na huduma za mtandaoni ambako faida ni kubwa zaidi, ilibakiwa na kama dola 24 katika kila 100 baada ya kulipa kila kitu. Ni faida nene sana, siipunguzi. Lakini ni mbali na ile hadithi ya kwamba simu ni ya laki nane na zinazobaki zote zinaingia mfukoni mwa tajiri.

Kuna malipo mengine usiyoyaona ukifungua simu kwa bisibisi. Chipu inabuniwa na Apple wenyewe lakini inatengenezwa na TSMC ya Taiwan, kwenye viwanda ambavyo kimoja tu hugharimu mabilioni ya dola. Halafu kuna hataza, ile haki ya kisheria ya mvumbuzi. Namna simu inavyoongea na mnara ilivumbuliwa na watu, na watu hao wanalipwa kwa kila simu inayouzwa. Apple na Qualcomm walishtakiana kwa sababu ya malipo hayo tangu mwaka 2017, wakapatana Aprili 2019, na Qualcomm wakapokea zaidi ya dola bilioni nne. Wakubwa wenyewe wanagombania malipo ya akili. Hakuna kati yao anayesema "kitambaa ni changu, ya nini?"

Sehemu hii ya bei mimi naiita haki. Ubunifu ni kazi.

Njiani nako kuna mkono

Apple hawana duka lao wenyewe Afrika nzima. Zipo kampuni walizozipa idhini ya kuwauzia, na wapo wafanyabiashara wetu wanaofuata mzigo Dubai na kuja kuugawa Kariakoo, Darajani, au hapa Moshi kwenye maduka ya karibu na stendi. Kila mkono unaopita unaongeza chake: tiketi, mizigo, ushuru, kodi ya fremu, na hasara ya simu iliyokaa kabatini mpaka modeli mpya ikatoka. Huku bara juu yake kuna VAT ya asilimia 18. Simu ya milioni mbili kabla ya kodi hiyo inaongezeka 360,000.

Lakini tukumbuke jambo moja lililotokea kwetu wenyewe. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 Serikali iliondoa VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu, ili watu wengi zaidi waingie kwenye intaneti. Mwaka uliofuata, 2022/23, msamaha huo ukafutwa. Jiulize, katika ule mwaka mmoja, simu uliyokuwa unaitamani ilishuka kwa kiasi kile cha kodi? Kwenye maduka niliyokuwa napita mimi hapa mjini, sikuona. Muuzaji hatazami tu alinunua kwa kiasi gani. Anatazama na wewe uko tayari kutoa kiasi gani. Kama jana ulitoa milioni mbili na laki tatu bila kusita, kwa nini leo akuuzie kwa milioni mbili?

Hapo ndipo tunapoingia sehemu ya tatu.

Jina, na watu wa kulitazama

Chukua iPhone 15 Pro ya mwaka 2023. Yenye GB 128 iliuzwa dola 999. Yenye GB 256 ikauzwa 1,099, na yenye GB 512 ikauzwa 1,299. Simu ni ile ile, kioo kile kile, kamera zile zile. Kilichoongezeka ni kumbukumbu. Nenda dukani ukaulize kadi ya kumbukumbu ya GB 128, hata kama si ya kasi ile, uone kama inakaribia dola 100. Haikaribii hata kidogo. Ile nyongeza imewekwa kwa ajili ya mtu ambaye ameshaamua kutoa 999 na hawezi kukubali kuchukua ya chini.

Au tazama kalenda. Kila mwaka, mara nyingi Septemba, inatoka modeli mpya, na ile ya kawaida ya mwaka uliopita hushushwa, mara nyingi dola 100. Vipande vyake havikubadilika usiku huo. Kamera haikufifia. Kilichopungua ni kwamba sasa yupo mwenye mpya kuliko wewe. Basi zile dola 100 zilikuwa za nini? Zilikuwa za kuwa wa kwanza.

Huku kwetu mlimani tunaijua bei hii vizuri. Desemba watu wanaporudi nyumbani kutoka Dar, barabara ya Himo kwenda Marangu na Rombo inajaa magari, na kwenye kila kikao simu inawekwa juu ya meza, mgongo juu, macho matatu yatazame watu. Hakuna anayeiweka kifudifudi kwa bahati mbaya. Nyie wa visiwani mnayo yenu kwenye singo na kwenye kupeleka begi, watu wakisogea kuona kilichomo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini kampuni hizi zinatumia mabilioni kwenye matangazo ili kizuri kijiuze. Na tangazo linalozidi yote ni sisi wenyewe, tunaolilipia kisha tukalitembeza bure.

Je, ni dhuluma?

Hapa watu wa dini hugawanyika, na mimi si mwanachuoni, nasema kile tunachofundishwa darsani. Katika Sahihi Bukhari imo habari ya Urwa al-Bariqi. Mtume (s.a.w.) alimpa dinari moja akamnunulie kondoo. Urwa akanunua kondoo wawili kwa dinari hiyo, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari mkononi. Hakukemewa. Aliombewa baraka katika biashara yake. Alichomuuzia mtu kilimgharimu nusu dinari, akakiuza kwa dinari nzima. Na imepokewa pia kwamba bei zilipopanda Madina, watu wakamwomba Mtume (s.a.w.) awapangie bei, naye hakufanya hivyo.

Kwa hiyo faida kubwa peke yake si haramu. Kilichokatazwa ni ghishi: kuficha aibu ya bidhaa, kusema mpya kitu ambacho si kipya. Na huko ndiko tunakoumizwa zaidi mitaani, siyo Marekani. Ukinunua iPhone, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, utazame namba ya modeli. Ikianza na herufi M iliuzwa ikiwa mpya. Ikianza na F imekarabatiwa na kampuni. Ikianza na N alipewa mtu badala ya iliyoharibika. Kwa simu yoyote, bonyeza *#06# upate namba yake ya utambulisho uihakiki na TCRA, maana tangu Juni 2016 simu bandia huzimwa mtandaoni. Aliyekuuzia F kwa bei ya M huyo ndiye aliyekudhulumu.

Wanaouza kwa kilo

Kama unatafuta uonevu katika bei hii, usitazame juu peke yake. Tazama chini.

Kwenye simu kuna madini ya tantalamu, yatokanayo na koltani. Sehemu kubwa ya koltani ya dunia inatoka Kongo, na Umoja wa Mataifa unasema eneo moja tu la Rubaya, huko Masisi, Kivu Kaskazini, hutoa kama asilimia 15 ya tantalamu yote duniani. Wanaochimba ni watu wanaoongea Kiswahili kama mimi na wewe, kwa koleo na mikono, juu ya udongo unaoporomoka, na tangu mwaka 2024 wako chini ya waasi wa M23. Koltani inauzwa kwa kilo. Ikishatoka pale haina jina la mchimbaji wala la kijiji.

Sisi wa Kilimanjaro hatuhitaji kuelezewa sana, maana tuna kahawa. Babu zetu waliungana mpaka KNCU ikaanzishwa mwaka 1933, ili mkulima asinyonywe na walanguzi. Mnada wa kahawa umekuwa hapa hapa Moshi kwa miaka mingi. Hata hivyo mkulima wa Kibosho au Machame, aliyepalilia chini ya migomba, akachuma punje moja moja, akakoboa, akaosha na kuanika, analipwa kwa kilo. Kilo moja ikishakaangwa hutoa vikombe hamsini na zaidi, na kikombe kimoja London kinauzwa pauni tatu na kuendelea. Walioweka jina kwenye kikombe ndio wanaobaki na pesa. Mwenye shamba, bila yeye hakuna kikombe, lakini jina lake halipo.

Somo ni moja kwa koltani, kwa kahawa na kwa cherehani. Anayeuza kwa kilo huambiwa bei. Anayeuza ubunifu na jina huitaja mwenyewe.

Kwako bi harusi

Mahari ni haki yako, na wala sikupangii. Ukitaka simu, omba simu. Lakini nikueleze kilichompata mteja wangu mmoja wa msimu uliopita, jina nalihifadhi. Alitaka macho matatu kwenye mahari, na mchumba wake, kijana wa kuuza vipuri, akakubali kwa kuogopa kumpoteza. Hakuwa na pesa taslimu, akaichukua kwa mkopo wa rejesho la kila wiki. Nikaha ikapita vizuri, picha zikapigwa. Mwezi wa pili mume akayumba, rejesho likachelewa, na simu ikajifunga yenyewe. Simu hizi za mkopo hufungwa kwa mbali. Picha za harusi zimo ndani, namba za wateja wake wa maandazi zimo ndani, na mahari yake imezima mkononi. Alikuja dukani kuazima simu yangu ili ampigie mama yake.

Nilimuuliza mume alilipa kiasi gani jumla. Ukijumlisha marejesho yote, ilikuwa zaidi ya bei ya dukani kwa mbali. Kuuziana kwa awamu wanazuoni wengi wanaruhusu ikiwa bei imetajwa mwanzo na haibadiliki. Faini inayoongezeka kwa kuchelewa ni jambo jingine, na hapo harufu ya riba haiko mbali. Mkataba kama huo mpelekeeni shekhe wenu ausome kabla ya kusaini, siyo baada.

Ushauri wangu ni huu. Mahari iwe kitu ambacho hakuna mtu wa kukizima. Omba dhahabu, omba pesa taslimu, omba cherehani au friza kama una biashara. Halafu simu nunua mwenyewe kwa kipimo chako. Ukipenda hiyo hiyo kampuni, nunua modeli ya mwaka jana au juzi baada ya mpya kutoka, utakuwa umelipia ubunifu na kuacha sehemu ya jina. Usidharau za bei ya kati pia. Tecno na Infinix ni za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, China, ambayo biashara yake imejengwa hapa kwetu Afrika. Waliweka nafasi ya laini mbili kwa sababu waliona tunabeba laini mbili, na kamera zao walizirekebisha zitoe vizuri ngozi nyeusi. Huo nao ni ubunifu, tena uliotufikiria sisi, na wao wanaridhika kubaki na kidogo kwa kila simu. Nimepokea picha nyingi za maharusi wangu zilizopigwa kwa simu hizo. Shanga zinaonekana, hina inaonekana, na sura ya bi harusi haikugeuzwa rangi.

Wapo watakaoniambia kwamba wao simu ni kazi, wanapiga picha za keki, za mapambo, za madera wanayouza. Hao sibishani nao. Kamera nzuri kwa anayeuza kwa picha ni kama cherehani nzuri kwangu. Kitu kinachorudisha pesa yake si israfu. Swali la kujiuliza ni hili: jina likifutwa mgongoni mwa simu, na hakuna wa kuiona, bado utaitaka kwa bei hiyo? Ukijibu ndiyo, nunua, Allah akutilie baraka.

Kwako mwenye kazi ya mikono

Mwisho niseme na mafundi wenzangu, wapambaji, wapishi wa pilau na biriani, wachoraji wa hina, wasusi. Sisi ndio tunaoumia zaidi na hesabu ya vipande, kwa sababu tunaifanya wenyewe dhidi yetu. Mchoraji wa hina anahesabu paketi ya hina na nauli, anataja bei. Saa nne alizoinama juu ya mikono na miguu ya bi harusi hazimo. Mpishi anahesabu mchele, nyama na kuni. Kuamka saa tisa usiku hakumo. Kisha mteja mwenye simu ya milioni tatu mkononi anaomba apunguziwe elfu ishirini, nasi tunapunguza, tunaona ni ustaarabu.

Kesho chukua daftari. Andika vipande vyako vyote. Chini yake andika saa zako, na uzipe bei. Chini yake andika kodi, umeme, nauli, na mashine itakayoharibika siku moja. Chini kabisa andika ujuzi wako na uupe bei pia, ndogo kama unaona haya, lakini iwepo. Hiyo ndiyo bei yako. Itaje bila kuinamisha macho, mwonyeshe mteja hesabu akitaka, na kazi iwe safi kiasi kwamba hata ukifumua mshono kwa ndani hakuna aibu. Hapo hujamdhulumu mtu. Ukipunguza, iwe ni zawadi kwa yatima au kwa mwenye dhiki, na ujue umetoa sadaka, siyo kwamba bei yako ilikuwa ya uongo.

Na wewe mteja, siku nyingine fundi akikutajia bei, kabla hujauliza "ya nini?", itazame simu uliyoishika. Ulimlipa mtu wa California ubunifu wake bila kumwomba punguzo. Mlipe na huyu aliyekupima mabega.

Allah awatilie baraka maharusi wetu, awape wepesi waume zetu, na aziweke riziki zetu katika halali. Wabillahi tawfiq.